Nilikuwa Nimevaa

Kwanza kabisa: nilikuwa nimevaa. Kaptura ya kahawia, ya mtumba, kitambaa kizito, mifuko pande zote. Naanza na hilo kwa sababu kuna rafiki yangu mmoja, simtaji, anaendesha boda pale Kondele, Kisumu, na mdomo wake haujawahi kufungwa breki, ambaye tangu juzi anasambaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba nilikamatwa ushago, kijijini kwetu, nikikimbia usiku kama nilivyozaliwa. Yeye mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amelala kwake. Habari alipewa na shangazi yake, ambaye alikuja eneo la tukio na mchi, na ambaye nitamfikia.

Na sikukamatwa. Nilizingirwa. Wanasheria mlioko hapa mtawaeleza wengine tofauti.

Mambo yalianza na kuku wa mama. Mama yuko Seme, unapanda gari la Bondo unashuka Kombewa halafu unatafuta pikipiki. Kuku wake wa kienyeji walikuwa wakipungua usiku, na asubuhi anakuta manyoya na kichwa, mara nyingine kichwa chenyewe hakipo. Mama akashuku mbwa wa jirani. Jirani, ambaye ni jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, wa kuheshimika na mzee wa kanisa, akasema mbwa wake hana tabia hiyo, kwamba huyo ni mtu. Wakaacha kusalimiana. Mama akanipigia simu, akanieleza yote, kisha akanyamaza ule unyamavu unaomaanisha kwamba mtoto wa kiume wa fulani angekuwa ameshafika.

Sasa mimi, kwa bahati mbaya, nina bando la usiku. Na kwenye bando hilo nimekuwa nikifuatilia wazee fulani wa Texas wanaowinda coyote, mnyama wa kule Marekani wa jamii ya mbwa, mjanja, mwizi wa kuku na wana-kondoo. Hawamfuati. Wanamwita. Wanaweka spika porini, inatoa kilio cha sungura aliyekamatwa, wao wanajificha na kutulia. Coyote anakuja mbio akidhani kuna chakula cha bure. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe huwa anafundisha wanaoanza bila pesa, na ndiye niliyemfanya mwalimu wangu. Mashine nzuri ya kuita huko kwao ni dola mamia, hesabu ya kununulia ng'ombe huku. Lakini mwalimu alisema simu na spika ndogo vinatosha kuanzia. Maneno hayo yaliniingia.

Kabla hamjaniita jangili: ninajua. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha. Mnyama akikusumbua unaita watu wa KWS, shirika la wanyamapori, huweki mtego wala sumu. Mimi sikutaka kuua kitu. Nilitaka picha. Nimwite mwizi, nimpige picha, nijue ni nani, halafu tuzibe banda kulingana na mhusika. Kwa sababu mbwa atavunja mlango, lakini kanu, yule mnyama mdogo wa madoa na mkia mrefu, anapanda ukuta na kupenya kwenye mwanya ambao huwezi kuamini, na nguchiro mwembamba na mwewe ni wezi wa mchana. Kila mwizi na kufuli yake. Mpango ulikuwa na akili, hata leo nautetea.

Bajeti ilikuwa shilingi elfu moja, nauli ikiwa humo humo.

Tochi ya kichwani niliipata soko la Kibuye siku ya Jumapili. Mwalimu anasema taa nyekundu haimshtui mnyama kama nyeupe. Ya taa nyekundu ilikuwa bei nyingine, kwa hiyo nilichukua nyeupe na kuipaka kioo rangi ya kucha ya dada yangu, mara mbili, ikakauka vizuri sana. Nguo za mabaka sikuthubutu. Wamarekani wanavaa hadi soksi za mabaka, lakini hapa kwetu ukionekana na nguo za rangi za jeshi utaeleza mbele ya hakimu. Nikatumia neti ya mbu kuukuu, nikaichovya kwenye tope, nikaifunga majani makavu ya migomba kuanzia kichwani hadi magotini. Uso nikaupaka masizi ya sufuria ya mama. Sabuni sikuoga, sababu ya harufu.

Mnaanza kuiona picha, sivyo? Mimi sikuiona. Nilikuwa ndani yake.

Spika niliazima kwa binamu yangu anayeuza sokoni. Ndogo, nyeusi, ina nguvu kuliko umbo lake. Ishikeni hiyo spika akilini.

Sasa suala la upepo, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu watu wote wanauliza, "Lakini kwa nini ulikuwa kwenye boma la jaduong'?" Mnyama anayewinda hamwamini mtu, anaamini pua. Akisikia kilio hazunguki hovyo, anazunguka aje na upepo ukimletea harufu. Wewe lazima upepo ukupige usoni. Na sisi wa kando ya ziwa tunajua: mchana upepo unatoka ziwani, usiku unateremka kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Kwa hiyo usiku, ukitaka kulitazama banda la mama kwa kufuata kanuni, unakaa upande wa ziwa. Na upande wa ziwa kuna ua la minyaa, na nyuma ya minyaa kuna migomba, na migomba ni ya jaduong', hatua chache kutoka choo chake. Mimi sikuchagua. Ilichagua hali ya hewa.

Saa nane hivi usiku. Mwezi hakuna. Nimechuchumaa kwenye migomba, spika iko mbele yangu chini ya ua, simu mkononi. Nikaanza kwa sauti ya chini, kama mwalimu anavyosisitiza. Nikabonyeza.

Kama hujawahi kumsikia sungura akikamatwa, shukuru. Mnyama yule ananyamaza maisha yake yote, anaiweka sauti ya siku hiyo moja. Ni kilio chembamba, cha juu, cha kukatika katika. Ni mtoto mchanga kabisa. Kwenye mbuga za Texas, ambako moshi wa jirani huuoni, inaleta raha. Seme unasikia jirani akikuna ukoko.

Ikalia. Nikazima. Nikasubiri. Ikalia tena.

Na akaja! Andikeni hilo nalo kwenye makundi yenu. Kwenye kona ya banda niliona macho mawili yakiwaka chini kwa chini, yakazima, yakawaka tena karibu zaidi. Akatoka. Mwembamba, mrefu, madoa mwili mzima, mkia wa pete nyeusi na nyeupe karibu urefu wa mwili wenyewe. Kanu! Moyo ulinidunda nikadhani atausikia. Nikainua simu polepole. Nikanyanyuka nusu ili majani yasizibe kamera. Mguu mmoja juu, mmoja chini.

Mlango wa jaduong' ukalia *kwiii*.

Mwalimu anasema: ukinaswa katikati ya mwendo, ganda. Usimalizie hatua. Nikaganda. Mguu juu, mikono mbele, shingo nje. Jaduong' alitoka na shuka begani, akikohoa, akielekea chooni kwa utaratibu wake wa miaka yote. Alipita karibu yangu nikasikia harufu ya mafuta yake ya kujipaka. Hakuniona. Alikuwa apite aende zake. Ninaapa alikuwa apite.

Kisha kidole gumba. Simu ilikuwa inateleza kwa jasho, nikaibana, na mahali nilipobana ni pale pa kuongeza sauti. Sungura akapiga yowe la mwisho wa dunia.

Jaduong' alisimama. Hakugeuka haraka. Aligeuka kidogo kidogo, mabega kwanza, kisha shingo, kisha tochi, na mwanga ukapanda kutoka miguuni pangu: goti, majani ya migomba, majani mengine, uso mweusi tii, na katikati ya paji la uso, jicho moja jekundu linalowaka.

"In ng'a?" akauliza. Wewe ni nani?

Ndugu zangu, kuna majibu mengi mazuri ya swali hilo. Unataja jina lako, la baba yako, la shule ya msingi. Mimi nilisema, "Ni mimi, jaduong'." Na masizi yalikuwa yameniingia kooni, sauti ikatoka nyembamba, ya kukatika katika, kutoka upande ule ule alikokuwa akilia mtoto.

"JAJUOK! UWIII!"

Wasomaji wa pwani na bara, jajuok ni mkimbia usiku. Anatingisha milango yako kwa makalio, anarusha mchanga kwenye mabati, na asubuhi ni mtu wa heshima anayekusalimia barabarani. Hakuna kitu kinachoamsha kijiji chetu haraka zaidi. Mazishi watu wanachelewa, mikutano ya chifu hawafiki, lakini hiyo "uwiii" hata haikuwa imekwisha, tayari milango ilikuwa inafunguka hadi ng'ambo ya shamba la mtama. Mbwa wa jaduong', yule yule mshukiwa, akaja akiongoza.

Nilikimbia. Watu wanasema ungesimama ueleze. Wewe simama ueleze. Nilipita kwenye ua, neti ikashikwa na minyaa, na kwa sababu utomvu wa mnyaa ukiingia machoni ni maafa, nilifunga macho na kuvuta kwa nguvu zangu zote. Neti ikabaki. Majani yakabaki. Fulana, iliyokuwa imefungwa pamoja na neti, ikabaki nayo. Kwa hiyo ndiyo, upande wa juu. Upande wa juu nakubali. Lakini kaptura ilikuwepo, na rangi ya kahawia usiku, mtu akiwa mbali na ana nia mbaya na mchi mkononi, ataona anachotaka kuona. Shangazi, nakusalimia.

Nikaingia kwenye matuta ya viazi, nikaanguka, nikainuka. Tochi kila upande. Jiwe moja likapita karibu na sikio, hapo nikaacha kucheka moyoni. Nikasikia mtu akisema zungukeni huku kwa kisima. Na simu bado ilikuwa mkononi, ikienda mbali na spika. Blutuu ya vile vispika inafika mita kumi hivi. Mimi nilikuwa nimezivuka zamani.

Kwanza ikasikika, kutoka gizani chini ya minyaa, ile sauti ya mwanamke yenye lafudhi ya Kichina, ikitangaza kwa Kiingereza kwamba kifaa kimetenganishwa. Watu wote wakasimama. Mtu akasema, "Wako wawili."

Halafu spika, ikikosa simu, ikarudi kwenye memori kadi yake. Niliwaambia muishike akilini. Binamu yangu anauza nini Kibuye?

"DAWA YA PANYA! DAWA YA MENDE! DAWA YA KUNGUNI, VIROBOTO, SIAFU! AKILA HAPA ANAFIA KULE! MIA, MIA, MIA! MAMA USILALE NA PANYA NA MZEE YUPO! MIA, MIA, MIA!"

Kijiji kizima, na panga na rungu, kilisimama kwenye viazi kikisikiliza tangazo. Hakuna aliyejua itifaki. Mkimbia usiku tunamjua, ana taratibu zake. Mkimbia usiku mwenye biashara alikuwa mgeni. Tangazo lilipofika mwisho likaanza upya. Kijana mmoja akauliza kwa sauti ya chini, kwa heshima kabisa, "Anauza saa hizi?"

Hapo ndipo nikasikia mama. Alikuwa amefika na taa yake ya sola, kanga kifuani. "Ngojeni," akasema. "Hiyo si sauti ya mtoto wa dada yangu?" Akatembea polepole kwenye matuta, akamulika mtaro, akanikuta nimekaa, uso mweusi, kifua wazi, taa nyekundu bado inawaka kwenye paji la uso. Alinitazama kwa muda. Binamu yangu alikuwa anaendelea kuahidi kifo cha kunguni.

"Wuoda," akasema mama. Mwanangu. Akazima taa yake ili watu wasinione vizuri. Walikuwa na tochi zao.

Mengine ni mafupi. Mwenyekiti wa nyumba kumi aliitisha kikao pale pale usiku. Jaduong' akapewa chai ya sukari nyingi na akapewa jogoo wa mama, wa mwisho, kwa ajili ya mshtuko. Angalau wanasalimiana sasa, tena wanacheka pamoja, kwa sababu wana mada. Picha ilitoka: sehemu kubwa ni jani la mgomba, lakini kwenye kona kuna pete mbili za mkia, hazina ubishi. Nilimwonyesha mama kwa fahari nikamwambia ni kanu anayekula kuku. Mama akasema hiyo KANU, chama, si tuliitoa madarakani 2002, na alama yake si ilikuwa jogoo, imeanzaje kumla. Fundi amekuja kuweka waya wa matundu madogo hadi juu kwenye paa, na kuziba mwanya chini ya mabati. Malipo yake yalikuwa zaidi ya bajeti yangu yote, na nimemlipa mimi.

Spika imebaki kwa mwenyekiti, anasema ni kielelezo. Binamu anaitaka kabla ya Jumapili, na simu zake nimeacha kupokea. Mwenye spika ya mtumba yenye sehemu ya memori kadi aniandikie pembeni. Siyo lazima iwe na blutuu.