Boma la Mikindani limepona, nyumba za jirani zinabomoka

Wajerumani walijenga Boma la Mikindani, jengo la utawala wao karibu na Mtwara, mwaka 1895. Waingereza wakalirithi, kisha serikali yetu, na mwishowe likaachwa lichakae. Leo ni hoteli, baada ya shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, kulikarabati. Kijiweni ubishi hauishi: tumeokoa urithi, au tumewapangisha wageni kumbukumbu yetu?

Wanaolitetea wana hoja nzito. Jengo la mawe ya matumbawe haliokolewi na kibao, linaokolewa na mtu anayelala ndani. Paa likivuja masika moja tu, maji hushuka ndani ya ukuta na kulegeza chokaa, boriti za mikoko huoza, na ukija kushtuka mti umeshaota juu ya ukuta, mizizi inapasua mawe. Hoteli huziba tundu siku hiyo hiyo, maana mgeni hatalipa huku ananyeshewa.

Wapinzani husema bei ya chumba imekuwa geti. Sawa, lakini enzi za Mjerumani nani wetu aliingia mle kwa hiari yake?

Kinachoniuma ni kingine. Teremka mtaani uone nyumba za kale zenye milango ya nakshi: kadhaa zimebaki kuta tupu, mbuzi wamejipumzisha sebuleni. Mikindani ilikuwa bandari kabla ya Boma. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na ufundi wa matumbawe na chokaa Mjerumani aliukuta pwani hii. Fedha ya ukarabati ikaja, ikapanda mlimani kwenye Boma la mtawala.

Ila tusiwaonee Trade Aid. Boma lina mwenyewe mmoja, serikali, na mkataba wake husainiwa mezani. Nyumba ya mtaani ni mirathi: warithi kumi na wawili, mmoja Dar, mwingine Unguja, wa tatu labda Maskati. Nani asaini? Aliyebaki hapa, kwa nia njema kabisa, hupiga plasta ya saruji, nayo hufungia unyevu ndani mpaka ukuta ukamomonyoka.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa hoteli, kwa sharti. Isidaiwe kushusha bei ya chumba. Idaiwe mafundi wake wa chokaa, washuke mtaani kila mwaka kabla ya masika, waanze na paa la nyumba moja ambayo warithi wake wamekubaliana.