Cheti Chako Hakina Haja ya Kusafiri

Juzi niliingia steshenari moja kuchapisha barua. Kijana wa zamu akafungua folda ya vilivyopakuliwa ili atafute faili langu, na mbele ya macho yangu zikapita picha za vitambulisho vya Taifa, vyeti vya kuzaliwa na vya kidato cha nne, vya watu nisiowajua. Wote walifuata jambo moja: picha zao zigeuzwe PDF, maana mifumo ya kuombea kazi au mkopo wa chuo mara nyingi haipokei picha.

Simlaumu yule kijana. Kinachoniuma ni kwamba hata tukijifanyia wenyewe kwa simu, mambo huwa yaleyale. Tovuti nyingi za kugeuza picha huipeleka kwanza kwenye seva yao, yaani kompyuta yao iliyo mbali, huigeuza huko, kisha hukupa PDF uipakue. Baadhi huahidi kuifuta baada ya saa chache. Utahakikishaje? Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, lakini nenda kamtafute mwenye seva ambayo hata nchi iliyopo huijui.

Na safari yenyewe haina sababu. PDF, iliyotolewa na Adobe mwaka 1993 na kufanywa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, inaweza kuibeba picha ya JPEG, aina ya faili ambayo simu nyingi huhifadhia picha, kama ilivyo. Ni kama kuitia picha kwenye bahasha na kuandika juu yake vipimo vya karatasi. Kivinjari cha simu ya kawaida kinaimudu kazi hiyo kwa JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari chenyewe, na zipo tovuti zinazofanya hivyo bila picha kutoka kwenye simu yako.

Kuzitambua ni rahisi. Fungua ukurasa, usubiri umalize kufunguka, zima data na Wi-Fi, ndipo uchague picha. Ukigoma, ulikuwa unaitegemea seva. PDF ikitoka, imetengenezwa humohumo mkononi mwako. Funga ukurasa kabla ya kuwasha data tena.

Kwa picha moja, mimi hata tovuti sitafuti. Kwenye simu nyingi za Android unafungua picha, unachagua kuchapisha, na palipo na jina la printa unachagua kuhifadhi kama PDF. Kwenye kompyuta, buruta picha hadi ndani ya Chrome, bonyeza Ctrl na P, chagua kuhifadhi kama PDF, basi.

Mfumo ukilalamika kuwa faili ni kubwa, tatizo ni picha. Ya megabaiti 4 ikiingizwa ilivyo, PDF nayo itakuwa na megabaiti 4 hivi. Kata meza na vidole vilivyoonekana pembeni, kisha ipunguze kwanza. Kwa ukurasa wa A4, pikseli 1240 kwa 1754 zinatosha cheti kusomeka vizuri, mihuri ikiwamo.

Ila mzigo huu wote tumemtwika mwombaji, ambaye pengine bando lenyewe ameazima. Ninyi mnaotengeneza mifumo ya maombi, ikiwa kivinjari kinaweza kugeuza picha, wekeni kazi hiyo kwenye ukurasa wenu. Mwombaji apige picha ya cheti chake, PDF itengenezwe kwenye simu yake, na itumwe kwenu tu.