Kiti Kimepumzika, Wewe Umesimama

Tuanze na Jumatatu, maana balaa linaanzia hapo. Mtu mzima na akili zako umefika mji mkubwa, umejisemea leo ni leo, leo naingia makumbusho niongeze maarifa. Umepanda treni, umeshuka, umetembea, umefika mlangoni: komeo. Jumatatu hawafungui. Majumba mengi ya makumbusho hupumzika siku hiyo, kwa sababu Jumamosi na Jumapili yamekanyagwa na umati na lazima mtu apate nafasi ya kupiga deki, kupangusa vioo na kubadilisha taa. Sawa, tumekubali, tumekariri. Unakwenda Paris, unajifanya mjanja, unaikwepa Jumatatu, unatokeza Louvre Jumanne. Louvre hufunga Jumanne! Ile Musée d'Orsay, ng'ambo ya mto tu, ndiyo inayofunga Jumatatu. Vuka bahari mpaka New York: Metropolitan wanafunga Jumatano. Utadhani walikaa kikao wakagawana siku, ajenda ikiwa moja tu, kukukomesha wewe.

Na usidanganyike na saa ya kufunga iliyoandikwa mlangoni. Ikisemwa saa 12 jioni, mwisho wa kuingia ni saa 11 au saa 11 na nusu, na walinzi wanaanza kufagia watu robo saa au nusu saa kabla, tena wanaanzia vyumba vya ndani kabisa, ambako ndiko kilipo kile ulichokifuata. Aliyeingia saa 11 na nusu amenunua tiketi ya kufukuzwa. Siku za bure nazo zina mambo yake. Italia, makumbusho ya serikali hayatozi kiingilio Jumapili ya kwanza ya mwezi, na siku hiyo foleni inazunguka jengo mpaka mkia wake unakutana na kichwa. Nyumba ya Anne Frank kule Amsterdam, yule msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwa amejificha Wanazi, haina hata hiyo foleni ya kubahatisha: tiketi ni za mtandaoni tu, kila moja na saa yake, na asiyekuwa nayo anaruhusiwa kuutazama mlango.

Haya, umeingia. Unakutana na meza ya mizigo. Begi la mgongoni livuliwe, liachwe, au livaliwe kifuani kama mtoto mchanga. Watu hununa hapa, lakini katika hili niko upande wa walinzi. Begi la mgongoni halina macho. Unapogeuka kumwambia mwenzako "njoo uone", wewe unageuka sentimita 20, begi linafagia nusu mita nyuma yako, na nyuma yako kuna chombo kilichosalimika vita viwili kikisubiri chupa yako ya maji. Mwavuli mrefu ni mkuki, fimbo ya selfi ni mkuki wenye kamera. Makabati ya kufungia mizigo mengine bado yanataka sarafu, na mtu wa siku hizi hana sarafu, ana simu. Kwa hiyo weka moja mfukoni kabla hujatoka. Sanduku la safari ndilo usilibebe kabisa, sehemu nyingi hawalipokei hata ukilia.

Ila wamesahau kitu kimoja pale mlangoni: kamba za viatu. Januari 2006, kwenye makumbusho ya Fitzwilliam mjini Cambridge, mgeni mmoja alisema alikanyaga kamba ya kiatu chake iliyofunguka. Akaporomoka ngazini. Dirishani, pembeni ya ngazi hizo, palikuwa na vyombo vitatu vikubwa vya kaure vya Kichina vya enzi ya Qing, vimekaa zao kwa starehe. Alianguka navyo vyote vitatu, vikavunjika. Mafundi walikaa miezi wakiunganisha vigae kimoja kimoja. Jumba zima lina walinzi, kamera, ving'ora, na adui anaingia akiwa amefungwa mguuni pako kwa fundo la kizembe. Funga fundo mara mbili, mwenzangu.

Sasa uko ndani na huoni. Usidhani ni macho. Karatasi, vitambaa na michoro ya rangi za maji huwekwa kwenye mwanga wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga). Michoro ya rangi za mafuta inaruhusiwa kama laksi 200. Ofisi ya kawaida ina laksi 500. Mwanga unachubua rangi, na uharibifu wake unajumlishwa: dakika ya leo inaongezwa juu ya ile ya mwaka juzi, wala gizani rangi hairudi. Ndiyo maana michoro mingine ya karatasi hutundikwa miezi michache kisha inarudishwa gizani miaka, na ndiyo maana ile uliyoifuata kutoka mbali leo haipo, pana kijikaratasi kinachosema imepumzika. Mchoro umechoka! Umetundikwa wima ukutani, haujabeba kitu, haujapanda ngazi hata moja, na umepewa likizo.

Na baridi je? Hewa inashikiliwa kwenye nyuzi 20 hivi, unyevu asilimia 50 au karibu yake, kwa sababu mbao zikipata unyevu zinavimba, zikikauka zinanywea, na rangi iliyo juu yake inapasuka. Ukutani kila chumba utaona kijisanduku cheupe chenye tarakimu: hicho kinapima hewa. Hakikupimi wewe. Wewe kwa hesabu zao ni tatizo, maana kila ukipumua unaongeza unyevu. Beba sweta hata kama nje jua linachoma.

Halafu kuna vibandiko. Maandishi madogo kama miguu ya sisimizi, ya kijivu juu ya kijivu, yamebandikwa usawa wa kiuno, na kwa zile laksi 50. Unainama, unasoma jina la msanii, unainuka kutazama kazi, umesahau jina, unainama tena. Vyumba kumi namna hiyo ni zoezi la viungo. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Boston, aliandika makala juu ya uchovu huu, na picha aliweka: bwana mmoja anaonekana akiinama, akichuchumaa, akipinda shingo kama twiga anywaye maji, ili tu aone vitu vilivyo kabatini. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado tumechuchumaa. Dawa yake ni ndogo: piga picha kibandiko, bila flashi, ukikuze kwenye simu ukiwa umesimama wima kama binadamu. Vyumba vingi vina pia kijitabu cha maandishi makubwa mlangoni, ambacho hakuna anayekigusa kwa kudhani ni cha mlinzi. Ile namba ya mwisho kabisa kwenye kibandiko usiidharau. Mara nyingi inaanza na mwaka kitu kilipoingia mle, na ukiujua mwaka, unaanza kujiuliza maswali mazuri kuhusu kilivyoingia.

Kuna wanaotaka kumaliza. Hawa ndio wanaobebwa. British Museum peke yake imeonyesha vitu kama 80,000, navyo ni asilimia moja tu ya ilivyo navyo. Chukua nusu dakika kwa kila kimoja, saa nane kwa siku bila kwenda msalani: siku 83. Chagua vyumba vitano, sita ukizidisha, anza na kilicho mbali zaidi na mlango wakati miguu ingali na heshima, rudi nyuma ukitokea huko. Baada ya saa moja na nusu mtu haoni tena, anapita tu huku akitikisa kichwa kila mbele ya fremu kama anayepokea salamu za rambirambi.

Kwa Mona Lisa, yule wa Louvre, sitasema sana. Ana sentimita 77 kwa 53, yuko nyuma ya kioo, na kati yako na yeye kuna simu mia zimeinuliwa. Utamwona kwenye skrini ya mtu wa mbele yako, ambaye naye anamwona kwenye skrini yake. Alipoibwa mwaka 1911 watu walipanga foleni kutazama nafasi tupu ukutani, na nadhani hao walimfaidi kuliko sisi. Kinachokera ni hiki: ukutani, mkabala naye, mchoraji Veronese ametundikiwa ile Harusi ya Kana ya mwaka 1563, karibu mita 7 kwenda juu na karibu 10 kwenda upande, wageni wamejaa, mbwa, wanamuziki, na umati mzima umeipa mgongo. Geuka. Hiyo utaipata peke yako.

Kwenye sanaa ya kisasa tatizo lako ni jingine, hujui kipi ni kazi na kipi ni ndoo. Na si wewe tu. Mwaka 2011, jumba moja la sanaa mjini Dortmund, mfanya usafi aliona beseni la mpira lenye doa kama la maji ya mvua yaliyokauka, chini ya mnara wa mbao. Akafanya kazi aliyoajiriwa, akalisugua likatakata. Doa lile lilikuwa sanaa ya Martin Kippenberger, kazi iliyokadiriwa euro 800,000. Wenye elimu nao hawakupona: mwaka 1961, MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa kule New York, ilitundika kazi ya Matisse ya mashua na kivuli chake majini kichwa chini miguu juu, siku 47, na umati ukapita ukitikisa kichwa. Kanuni ya kukulinda ni kibandiko. Ukiona kiti, zunguka ukutani utafute kibandiko kabla hujakaa. Kipo? Ni sanaa. Hakipo? Ni cha mlinzi. Vyovyote vile utasimama.

Maana hapo ndipo nilipokuwa napaelekea: viti. Nenda nyumba ya kihistoria, ile ya tajiri wa zamani, vyumba 14 na kila chumba viti sita. Viti vya mahameli, vya miguu ya simba, kochi refu ambalo mgongo wako unaliona toka mlangoni. Na juu ya kila kiti wameweka tunda la msonobari, au kichwa kikavu cha mmea wenye miba. Si pambo. Ni ujumbe kwa makalio yako, umeandikwa kwa lugha ambayo kila taifa linaielewa. Kiti kina miaka 250, kimepumzika. Wewe umesimama tangu saa nne.

Humo humo kuna mambo ya sakafu. Baadhi wanakuvalisha vifuko vya plastiki miguuni au ndala kubwa za manyoya ambazo hazina kushoto wala kulia, unateleza kama umepiga sabuni. Usinyanyue mguu, uburute. Mwenye visigino vyembamba hazuiwi kwa chuki. Kilo 60 zikitua, hata nusu yake tu, juu ya kisigino cha sentimita moja ya mraba, ni kilo 30 kwenye eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Tembo wa tani 4 ana nyayo nne pana kama sinia, kila sentimita inabeba kilo moja hivi. Kwa hesabu hiyo tembo apite, bibi harusi asubiri nje. Milango ni mifupi, ngazi zinapanda kama za dari, lifti mara nyingi hamna kwa kuwa mwenye nyumba hakuijua. Kama goti linasumbua, uliza kabla hujalipa, si ukiwa katikati ya ngazi ya pili.

Moja tu naisamehe, nyumba ya msanifu majengo John Soane pale London, ambayo sheria ya Bunge ya mwaka 1833 iliagiza iachwe alivyoiacha. Bure, finyu, vinyago hadi darini, na begi lako unapewa mfuko wa plastiki ulibebe mkononi. Ndani kuna chumba ambacho kuta zake zinafunguka kama milango ya kabati, nyuma ya michoro kuna michoro mingine. Usiyeuliza zinafunguliwa saa ngapi utatazama ukuta uliofungwa, ushukuru, uondoke.

Kuna siri wanaificha: makumbusho kadhaa makubwa huazimisha vistuli vyepesi vya kukunja. Viko karibu na meza ya mizigo, au vimetundikwa kwenye kona ya chumba cha kwanza, bila tangazo. Ukiuliza unapewa. Asiyeuliza anazunguka na kiuno chake mpaka chumba cha mwisho, kile cha kabla ya duka la zawadi, ambako kuna benchi moja, la mbao, halina miba wala kibandiko. Unakaa. Unatoa viatu nusu. Mbele yako hakuna mchoro, kuna ukuta na kile kijisanduku cheupe: 20.4, 51. Unakikodolea macho kwa sababu shingo haitaki kugeuka. Bibi mmoja anasimama kando yako, anakitazama pia, anarudi nyuma hatua mbili, anainamisha kichwa. Wa tatu anatoa simu. Mlinzi anatokea mlangoni na funguo, anawatazama wote, anakohoa: tunafunga.