Wenye Nyumba Mbovu Ndani ya Baraza

Kila inapotajwa historia ya usafi wa London katika karne ya 19, sifa humwendea mhandisi Joseph Bazalgette na mifereji yake mikuu ya majitaka, ambayo Bunge liliidhinisha mwaka 1858 baada ya uvundo wa Mto Thames kuwafikia wabunge ndani ya jengo lao. Anastahili sifa hizo. Hata hivyo, naamini tumemtukuza mhandisi hadi tukawasahau waliokuwa na dhamana ya mtaa wenyewe, yaani mabaraza ya parokia, kwani parokia wakati huo haikuwa ya kanisa tu bali pia eneo la utawala wa mtaa. Afya ya mpangaji wa kawaida iliamuliwa zaidi na mabaraza hayo, na mengi kati yao yalimwangusha.

Sheria ya mwaka 1855 iligawa kazi waziwazi. Mifereji mikuu ilikabidhiwa bodi moja ya jiji zima, ilhali parokia kubwa zilipewa mabaraza yao na parokia ndogo zikaunganishwa chini ya bodi za wilaya. Mabaraza na bodi hizo ndizo zilizobeba mifereji midogo ya mitaani, utandikaji wa mawe barabarani, taa, ufagiaji na uzoaji wa taka. Kila moja ililazimika kumwajiri daktari wa afya pamoja na mkaguzi wa usafi, ambaye msomaji wa Tanzania au Kenya atamtambua mara moja, kwa kuwa Waingereza waliileta kazi hiyo hiyo kwetu na mwenye kuifanya tukamwita bwana afya.

Umuhimu wa kazi hiyo ulikuwa umeonekana mwaka mmoja tu kabla, katika mtaa wa Broad Street, Soho, ambako kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow ndiye aliyeonyesha kuwa ugonjwa ulitoka kwenye maji ya pampu ya mtaani, na mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Kilichofuata hakisimuliwi mara nyingi. Parokia iliunda kamati ya uchunguzi, na kasisi Henry Whitehead, aliyekuwa akizunguka nyumba hadi nyumba kuwahoji wakazi, akagundua kwamba katika nyumba namba 40 mtoto mchanga aliugua kuhara kabla ya mlipuko wenyewe, na mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nepi katika shimo la majitaka lililokuwa mbele ya nyumba. Shimo lilipofukuliwa, matofali yake yalikutwa yamelegea kiasi cha kung'oka kwa mkono, na uchafu ulikuwa ukipenya udongoni kuelekea kisima ambacho hakikuwa mbali hata mita moja. Mfereji mkuu wa aina yoyote usingeisaidia nyumba hiyo. Ilihitaji mtu wa kugonga mlango, kulikagua shimo, na kumlazimisha mwenye nyumba kulifukia na kuunganisha bomba lake na mfereji wa mtaa.

Mtu huyo alikuwepo kisheria, lakini aliajiriwa na nani? Hapo ndipo penye kiini cha lawama yangu. Tume ya Kifalme iliyochunguza makazi ya wafanyakazi mwaka 1884 na 1885 ilielezwa kuwa katika baraza la Clerkenwell walikuwamo wajumbe zaidi ya 10 waliojipatia kipato kwa kukodi nyumba mbovu na kuzipangisha chumba kimoja kimoja kwa familia maskini, wakiungwa mkono na wenye vilabu vya pombe. Mkaguzi aliyetaka kumwandikia ilani mwenye nyumba kama huyo alikuwa akimwandikia bosi wake. Daktari naye, ambaye mara nyingi alilipwa kama kibarua cha muda na kuendelea kutibu wagonjwa wake binafsi, alijua vyema ni nani wangepiga kura ya kumwachisha kazi. Idadi ya wakaguzi nayo inasema mengi: Mile End ilikuwa na mkaguzi mmoja kwa watu 105,000, na Bermondsey mmoja kwa watu 86,000. Siamini kuwa hesabu hizo zilitokea kwa bahati mbaya. Baraza lisilotaka nyumba zikaguliwe halihitaji kupinga sheria, linaajiri mkaguzi mmoja tu.

Haki inadai niseme pia kwamba fedha zilikuwa chache kweli. Kila parokia ilitegemea kodi ya majengo yake yenyewe, hivyo parokia za mashariki zenye uchafu mwingi zaidi ndizo zilizokuwa na mapato haba, na muuza duka mdogo aliyelalamikia kodi hakuwa mtu mwovu. Bunge lilichelewa mno kulitambua hilo: hadi mwaka 1894 ndipo ilipopitishwa sheria ya kusawazisha kodi ili parokia tajiri zichangie zile maskini.

Lakini Shoreditch, iliyokuwa miongoni mwa parokia hizo maskini, inanizuia kukubali kwamba umaskini ulikuwa sababu pekee. Mwaka 1897 baraza lake lilifungua tanuri la kuchomea taka za mtaa, na joto lake likaendesha mitambo ya umeme, huku mabafu ya umma na maktaba vikijengwa kando yake vinufaike na joto hilo. Lord Kelvin, mwanafizikia mkubwa wa zama hizo, ndiye aliyealikwa kulifungua. Jengo bado lipo, na juu yake yamechongwa maneno ya Kilatini yasemayo kuwa mwanga na nguvu hutoka katika vumbi. Miaka mitatu baadaye mabaraza yote ya parokia yalivunjwa na manispaa 28 zikachukua nafasi yao. Clerkenwell ilistahili kuvunjwa mapema zaidi. Shoreditch ilistahili kuigwa.