Mkasi hautoshi kueleza ukimya wa jeni

Karibu kila maelezo ninayosoma kuhusu kunyamazishwa kwa jeni hutumia mfano wa mkasi. RNA fupi ya nyukleotidi (herufi za RNA) 21 hivi, iitwayo maikroRNA, huitafuta RNA mjumbe inayooana nayo, yaani nakala ya jeni inayopeleka maagizo ya kutengeneza protini, kisha protini ya Ajonauti huikata, basi, jeni imekosa sauti. Si uongo. Kinachoniudhi ni kwamba maelezo huishia hapo, ilhali mosi, ile mimea midogo inayotanda kama zulia la kijani juu ya mawe yenye unyevu, imekwisha kutuonyesha zaidi.

Mosi ya maabara ni Physcomitrium patens. Sehemu kubwa ya maisha yake kila seli hubeba seti moja tu ya kromosomu, na DNA ngeni huingia mahali ulipokusudia. Kwa hiyo kung'oa jeni moja na kutazama kilichobadilika ni rahisi kuliko kwenye mimea mingi.

Watafiti wa Freiburg, Ujerumani, waling'oa jeni ya DCL1b, mmoja wa ukoo wa Daisa, vimeng'enya vinavyokatakata RNA. MaikroRNA ziliendelea kutengenezwa, ila RNA mjumbe hazikukatwa tena. Kwa hesabu ya mkasi, jeni lengwa zilipaswa kupaza sauti. Kumbe zilinyamaza! MaikroRNA zilishikamana na RNA mjumbe bila kuzikata, na DNA ya jeni hizo ikabandikwa alama ndogo za kemikali ziitwazo methili, isisomwe tena. Hayo yalichapishwa mwaka 2010, na bado tunasimuliwa mkasi.

Najua pingamizi: huo ni mmea uliovurugwa. Lakini mosi isiyoguswa, ikipewa asidi ya absisiki, homoni ambayo mimea huitumia wakati wa ukame, hufanya vivyo hivyo kwa baadhi ya jeni. MaikroRNA huongezeka, zinaizidi RNA mjumbe, methili zinafuata. Kinachoamua ni uwiano. Mimi naona hii ni mizani, na inanishangaza kila ninapoifikiria.

Wala mosi si mgeni wa mbali. Mfuatano wa herufi unaolengwa na maikroRNA 166, mojawapo ya RNA fupi hizi, umehifadhiwa ndani yake na ndani ya mimea ya maua, ingawa koo hizo mbili zilitengana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita.