Ni sangwini, au ni msimu wa korosho?

Katika semina za ndoa na makundi ya WhatsApp, Mtwara mjini hadi Nachingwea, watu wanajitambulisha kwa aina nne za tabia: sangwini mchangamfu, koleriki mkali, flegmatiki mtulivu na melankoli mwenye mawazo mengi. Utasikia: mimi koleriki, mwenzangu flegmatiki. Mgawanyo huu ni wa kale. Galen, tabibu wa karne ya 2, aliamini tabia hutokana na damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Utabibu uliachana na nyongo hizo zamani, majina yakabaki.

Faida yake naiona. Mke akielewa kwamba wapo watu wanaopumzika kwa kukaa kimya, hatamwona mumewe aliyenyamaza kibarazani kuwa amenuna. Nyumba zimepata amani kwa hilo.

Shida ni jina likishaeleza kila kitu. Tazama Tandahimba au Newala korosho zikishauzwa mnadani. Mkulima anapokea fedha, ananunua bati na pikipiki, anamchezea binti yake unyago. Majirani wanasema huyo sangwini, hajui kuweka. Wanasahau kwamba kwa miezi alikopa unga, alikopa salfa, dawa ya mikorosho, na kila mdai aliambiwa asubiri mnada. Shughuli za watoto nazo zilisubiri hapohapo. Mtu huyohuyo akipata mshahara wa kila mwezi, huenda tungemsifu kwa utulivu. Kalenda ya malipo tumeigeuza tabia yake!

Tena maelezo ya aina hizi humkaa karibu kila mtu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer, huko Marekani, aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Yalikuwa yaleyale kwa wote, na kwa wastani waliyapa zaidi ya alama 4 kati ya 5.

Hata hivyo, wanaosema tabia ni malezi matupu nao wanakosea. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi una sehemu kubwa. Ila watafiti wengi leo hupima sifa 5, zikiwemo uchangamfu na bidii, kwa viwango, na wengi wetu tunaangukia katikati. Viwango hivyo husogea kadiri umri unavyokwenda.

Kwa hiyo mtu mzima akijiita melankoli, sina ugomvi naye. Naumia mzazi anapomwita hivyo binti wa darasa la nne, kisha akamwondoa kwenye ngonjera za shule kwa kuwa "hawezi mbele za watu", wakati hajawahi kupewa nafasi ya kusimama.