Zimwi Likujualo na Watoto Wanaolifuata Uchochoroni

Emil Tischbein anazinduka usingizini ndani ya treni ya kwenda Berlin na kukuta bahasha haipo. Mama yake, mjane anayejipatia riziki kwa kuosha na kutengeneza nywele za wateja nyumbani, alimpa pesa za Kijerumani, mark 140, nyingi zikiwa za kumpelekea bibi. Kwa hofu ya kuibiwa, Emil aliibana bahasha kwa pini ndani ya mfuko wa koti. Abiria mwenye kofia ya duara, aliyempa chokoleti njiani, naye hayupo. Askari wapo jijini tele, lakini Emil hawaendei. Huko kwao aliichora sanamu ya mtawala wa zamani pua nyekundu na masharubu, na anaamini kabisa kwamba akijitokeza mbele ya polisi, atakayefungwa ni yeye.

Mwandishi Erich Kästner aliitoa hadithi hiyo Ujerumani mwaka 1929, na hadithi nyingi za watoto wapelelezi zilizofuata zimepita njia hiyohiyo. Kuna kundi la watoto wa mtaa mmoja na hatari ambayo wakubwa hawaioni, na siri inabaki baina yao hadi kurasa za mwisho. Kila anayeandika hadithi ya namna hii lazima alijibu swali moja mapema: kwa nini watoto hawa hawamwambii mtu mzima? Wakimwambia, hadithi imekwisha kabla haijaanza.

Kila Jumamosi huwasomea watoto wa darasa la tano hadi la saba hapa mtaani kwetu, na swali hilo limenifika kutoka kwa wazazi kwa sura nyingine. Baba mmoja aliniambia bila kuzunguka kwamba vitabu hivi vinamfundisha mwanawe kumfuata jambazi uchochoroni na kumficha mama yake. Mwingine aliniomba niendelee, maana tangu mtoto wake aanze kusoma habari za wapelelezi, anasoma hata karatasi ya kufungia maandazi. Wote wawili nimewaelewa, na nimekaa na maneno yao muda mrefu.

Nianze na huyu wa pili. Watoto wetu wengi hukutana na Kiswahili cha kusoma kama kitu cha mtihani: soma habari hii kisha jibu maswali. Hadithi ya taharuki haina haja ya kumsukuma mtu. Kijana aliyekuwa akisoma huku kidole kikilifuata neno moja moja nilimwona akifungua ukurasa unaofuata mwenyewe, kwa sababu alitaka kujua nani amejificha nyuma ya mlango. Halafu kuna jambo kubwa zaidi ya kusoma. Emil anaposhindwa kuthibitisha kwamba pesa zile ni zake, kwa kuwa noti hazina jina la mtu, anakumbuka ile pini. Noti zake zina matundu. Siku niliposimulia sehemu hiyo, watoto walinyamaza, kisha mmoja akatoa noti mfukoni na kuiinua kwenye mwanga aone kama nayo ina tundu. Yule mtoto alikuwa amejifunza kwamba dai linahitaji alama. Haitoshi kusema “ni huyu”, onyesha matundu.

Somo hilo Kiswahili kinalijua. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anakataa kuuachia mzimu kosa lililofanywa na mkono wa binadamu. Lakini Bwana Msa ni mtu mzima. Wapelelezi waliomfuata katika riwaya zetu zilizovuma sana nao ni watu wazima, wenye bastola, wanawake na ndege za kwenda mbali. Watoto tuliachiwa sungura, fisi na zimwi. Sizidharau ngano, na nitazirudia chini, ila mtoto wa Temeke au Kisauni hajakutana na hadithi nyingi za Kiswahili ambamo mtoto kama yeye anatazama uchochoro wake mwenyewe na kujiuliza kuna nini.

Sasa nimgeukie yule baba wa kwanza, maana hoja yake ina uzito kuliko yeye mwenyewe alivyodhani.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 yaliyowapata kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja. Takriban nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote, na kwa upande wa wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi. Ukimya huo ndio mafuta yanayoiendesha hadithi ya watoto wapelelezi. Kwenye kitabu, “tusimwambie mtu” ni kiapo cha ujasiri. Kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, “usimwambie mtu” ni maneno ya mtenda uovu. Mtoto aliyesoma vitabu ishirini ambamo siri ni fahari, tumemwandaa vipi kuitambua siri inayomla?

Ubaya wa pili ni wa mshukiwa. Taharuki inahitaji mtu wa kutiliwa shaka, na mwandishi mvivu humchagua aliye mpweke: bibi anayeishi peke yake, mzee asiyesalimia watu, fundi mgeni. Mwisho wa hadithi pengine inatokea kwamba bibi yule hana hatia, lakini kwa kurasa mia msomaji amefundishwa kumwogopa. Katika nchi nyingine hilo ni kosa la ladha tu. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa panga kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu ambao kwa wengi wao umetokana na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Zanzibar, mwaka 1995, hofu ya popobawa, jini anayesemekana kuwavamia watu usiku, ilipotanda kutoka Pemba hadi Unguja, mtu mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye. Sisi tulikua tukikimbizwa na jina la mumiani. Gari lolote geni likisimama karibu na shule, mnatawanyika. Katika jamii yenye historia hiyo, kumwonyesha mtoto kidole kinachoelekea kwa mpweke si mchezo wa uandishi.

La tatu niliona kwa macho. Karibu na mwisho wa hadithi ya Emil watoto wa Berlin wanamzunguka mwizi barabarani, kundi linazidi kukua, mtu hana pa kukimbilia, na wanamfuata hadi benki, anakokamatwa. Nilidhani watashangilia. Walishangilia, kisha mmoja akauliza kama walimchoma. Nikatambua kwamba kwao kundi linalomzunguka mwizi lina picha moja tu, ya mawe na tairi. Nilisimamisha kusoma, tukazungumza hadi jua likazama.

Hoja hizi tatu zingetosha kunifanya niviweke vitabu hivi juu ya kabati. Sikuviweka, na nisiwe kama niliyemsahau baba yule: sababu yangu inatoka humohumo kwenye hoja yake.

Tuna methali mbili zinazogombana. Moja inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ya pili inasema kikulacho ki nguoni mwako. Malezi yetu ya usalama yameegemea ile ya kwanza: tunawaonya watoto dhidi ya mgeni, gari jeusi, mtu mwenye pipi, kisha tunawatuma kwa jirani kuchukua chumvi saa mbili usiku kwa kuwa jirani anatujua. Mwaka 2021 nchini Kenya kijana mmoja alikamatwa, na polisi walisema alikiri kuwaua watoto zaidi ya kumi. Aliwavuta kwa kujifanya kocha wa mpira. Kocha ni mtu wa mtaani, mtu wa kuaminiwa. Hata Berlin waliliona hili mapema. Miaka miwili baada ya Emil, Fritz Lang alitoa filamu iitwayo M, kuhusu muuaji wa watoto. Mle ndani umma wenye hofu unamvamia mzee aliyeulizwa saa na binti mdogo, ilhali muuaji mwenyewe alimnunulia mtoto puto huku akipiga mluzi. Mtoto yule alipewa puto, Emil alipewa chokoleti. Hatari haikuja na meno nje.

Kwa hiyo onyo peke yake halimfikishi mtoto mbali, kwa sababu kumtaja mjomba, ustaadhi au mwalimu wa twisheni kwenye onyo ni jambo ambalo wazazi wengi hawathubutu. Hadithi inathubutu. Inaweza kumweka mtu mwema anayependwa na mtaa mzima, ikampa mtoto mmoja wasiwasi asioweza kuueleza, kisha ikakaa na wasiwasi huo kurasa themanini. Mtoto anayesoma anajifunza kwamba mashaka yake dhidi ya mkubwa si utovu wa adabu. Sijaona mahubiri wala bango la semina linaloweza kufanya hivyo.

Ila hilo linategemea mwandishi amefanya nini na lile swali la mwanzo. Wengi hulikwepa kwa kuwafanya wakubwa wote wajinga au wasafiri: mama yuko kazini, polisi anasinzia, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anacheka tu. Ni njia rahisi, na ni uongo wenye madhara. Watoto wetu hawanyamazi kwa sababu wakubwa ni wajinga. Wananyamaza kwa sababu ileile ya Emil, yaani kuna kosa dogo wanaloliogopa. Alipita njia aliyokatazwa. Alipokea soda. Alitumia chenji ya dukani. Fimbo ya kosa hilo dogo inamzuia kusema lile kubwa, na hapo Kästner aliona mbali kuliko wengi waliomfuata.

Mle kundini mwa Emil yumo mtoto mmoja wanayemwita Dienstag mdogo. Wenzake wanakimbia barabarani kumwandama mwizi. Yeye amepangiwa kukaa nyumbani kando ya simu, apokee habari na kuzipeleka panapohusika. Anatamani mno kwenda, na haendi. Mwishoni bibi yake Emil anampa sifa za pekee mbele ya wote. Wasomaji wangu wa Jumamosi mwanzoni walimwonea huruma, kana kwamba amenyimwa mchezo. Nikawaambia kwamba Tanzania na Kenya ipo namba ya bure ya kusaidia watoto, 116, na vituo vya polisi vingi Tanzania vina dawati la jinsia na watoto. Nikawauliza, katika kundi lao nani angekuwa Dienstag? Kimya kilikuwa kirefu, lakini wiki iliyofuata walikuja wamekwisha kumchagua.

Hadithi ambamo mtoto anasema, haaminiwi, anasema tena kwa mwingine, ina taharuki kuliko ile ambamo watoto wameapa kunyamaza. Atamwamini nani? Huyu anayemwambia naye yuko upande gani? Mwandishi wetu hahitaji kuazima siri ili msomaji ashike roho mkononi. Wazazi wanaotaka hatari iondolewe kabisa vitabuni sikubaliani nao, kama nisivyokubaliana na wachapishaji wanaodhani mtoto mpelelezi lazima awe kama yatima, asiye na mkubwa wa kumwambia.

Ngano zetu zilikuwa zimefika hapo zamani. Kuna ile ya pwani ya binti aliyekwenda kuokota makombe na wenzake, akarudi peke yake kuchukua kombe alilolisahau juu ya mwamba, akalikuta zimwi. Zimwi likamtia ndani ya ngoma, likapita kijiji kwa kijiji likipiga na kumwamuru aimbe ndipo lilishwe. Watu wakaisifu ngoma yenye sauti nzuri. Lilipofika kwao binti, mama yake akaijua sauti. Usiku zimwi lilipolala wakaifungua ngoma, wakamtoa mtoto, wakajaza nyuki.

Niliwasimulia ngano hiyo baada ya kumaliza Emil. Walicheka sana walipofika kwenye nyuki. Kisha binti wa darasa la sita, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza: na vile vijiji vingine vyote ngoma ilikopita kwanza, hakuna aliyesikia kwamba ni mtoto?